Shemeji, Matumaini Nayo Hulipiwa

Msomaji mpendwa, kama nyumbani kwako mna shabiki wa kandanda, hapana shaka umekwisha kuyasikia maneno haya matatu: "Mwaka huu wetu." Husemwa mwanzoni mwa kila msimu, kwa sauti ya mtu aliyeoteshwa jambo usingizini, na aghalabu husahauliwa kabla ligi haijafika katikati. Leo sikukusudia kuyacheka. Nataka tukae kitako tuyapime, maana juma lililopita yaliingia nyumbani kwangu yakiwa yameandamana na jambo la kuhuzunisha.

Nina shemeji, kaka yake mama watoto wangu. Yeye ni Ingwe tangu utotoni. Mimi ni K'Ogalo tangu siku ile marehemu baba aliponishika mkono na kunipeleka City Stadium, uwanja ambao siku hizi unaitwa Joe Kadenge. Mpambano wa AFC Leopards na Gor Mahia haukuitwa dabi ya Mashemeji bure. Ziko nyumba nyingi jijini humu ambamo bwana hushangilia huku na ndugu za mkewe kule, na siku ya mechi hata kikombe cha chai hutolewa kwa masharti.

Basi Jumapili iliyopita shemeji alifika akiwa na mwanawe, kijana wa mwaka wa pili katika chuo kikuu. Mzee alikuwa amevaa jezi yake ya zamani, imepauka hata yule chui wa kifuani amefanana na paka. Chai haijamiminwa, akaanza.

"Shemeji, safari hii si maneno matupu. Vijana wanacheza kwa moyo, mashabiki wamerudi uwanjani na isikuti zinalia. Mwaka huu wetu!"

"Lakini Shemeji," nikamjibu, "hata mwaka jana ulikuwa wenu, na mwaka juzi pia."

Mama watoto alicheka hadi akaliweka birika chini. Mimi nami nikacheka, kisha kicheko kikanikwama kooni, kwa maana mwenye kovu usidhani amepoa. Sisi wa K'Ogalo ni nani hata tuwacheke wengine kwa kungoja?

Hebu tukumbuke. Mwaka 1987 Gor Mahia walitwaa Kombe la Mandela, lile la washindi wa Afrika, baada ya kutoka sare ya 2-2 na Esperance huko Tunis na 1-1 hapa Nairobi. Mabao ya ugenini ndiyo yaliyotubeba, na jina la Peter Dawo likawa wimbo wa kila mtaa. Tulidhani utamu huo hautakwisha. Mwaka 1995 tukatwaa ligi ya nyumbani, halafu kukawa kiza. Tuliingoja ligi miaka 18. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alipata kitambulisho chake kabla hajaiona timu ya baba yake ikiwa bingwa.

Mwaka 2012, chini ya kocha Zdravko Logarusic, tulifika hadi siku ya mwisho tukiwa na taji mkononi, likatuponyoka, Tusker wakalibeba. Niliwaona watu wazima wenye wake na watoto wakilia kama waliofiwa. Lakini mwaka uliofuata, Bobby Williamson akiwa kocha, ligi ikaja. Ikaja tena mwaka 2014, na mwaka 2015 tukaitwaa bila kushindwa mechi hata moja.

Kwa hiyo nikimwona shemeji na jezi yake iliyopauka, najiona mimi mwenyewe. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1964. Ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Ikatwaa ligi mwaka 1998, kisha misimu zaidi ya 25 ikapita bila kuionja tena. Katikati hapo iliteremka daraja, ikacheza katika viwanja visivyokuwa hata na ua, na ikarudi Ligi Kuu mwaka 2009. Ilipata kujifuta machozi kwa kombe la mwaka 2013 na lile la 2017, lakini ligi ndiyo ugali. Makombe mengine ni mboga. Mtu aliyeshikamana na timu kwa miaka yote hiyo, ukimwambia aache kutumaini, umemwambia aache kuwa yeye.

Tena safari hii ana sababu. Mwezi wa Agosti 2025 sote tuliona ajabu. Katika mashindano ya CHAN, ambayo yalichezwa na wanasoka wa ligi za nyumbani pekee, Harambee Stars waliwalaza Kongo na Morocco, wakaongoza kundi lao, na hawakutolewa ila kwa mikwaju ya penalti mbele ya Madagascar. Wale walikuwa vijana wetu, wanaolipwa na vilabu vyetu. Watoto waliojua majina ya wachezaji wa Uingereza tu wakaanza kuuliza: huyu huchezea timu gani, na mechi yake ni lini? Tangu hapo shabiki wa klabu ya nyumbani ameinua kichwa. Hilo ni jema, nami nalifurahia.

Lakini matumaini, msomaji wangu, ni kama moto wa jikoni. Ukitunzwa unapika chakula, ukiachiliwa unaunguza nyumba.

Sijasahau Jumamosi ya tarehe 23 Oktoba 2010. Mwaka ule ushabiki ulikuwa umefufuka, Ingwe wamerudi ligini, K'Ogalo nao wanapanda, na jiji zima lilitaka kuiona dabi uwanjani Nyayo. Watu walisukumana malangoni. Saba wakafa. Shemeji alikuwa kule, na simu yake ikawa haipatikani. Dada yake alikaa sakafuni sebuleni, redio mapajani, hadi saa nne za usiku mlango ulipobishwa. Aliingia na kiatu kimoja. Hakuna aliyemwuliza matokeo ya mechi. Tangu siku ile, kila ninaposikia kwamba mashabiki wamevunja lango kwa kuwa wana hamu na timu yao, hujiuliza: hamu gani hiyo isiyoweza kungoja foleni? Hata katika hiyo CHAN ya 2025, watu waliingia kwa nguvu Kasarani, na shirikisho la Afrika likapunguza idadi ya wanaoruhusiwa kuingia. Raha yetu wenyewe tuliikata kwa mikono yetu.

Sasa nirudi kwa lile jambo la kuhuzunisha. Baada ya chai, shemeji aliniomba tutoke nje kidogo. Tulisimama karibu na kamba ya nguo. Akaniambia polepole kwamba mwanawe alikuwa amepewa karo, na kabla ya kuipeleka chuoni alitoa shilingi 18,000 akazibashiri kwenye simu kwamba Ingwe watashinda. Alitaka kuzizidisha, alipe karo, abaki na za matumizi. Ingwe wakatoka sare. Pesa zikaenda.

"Nimempigia kelele mpaka sauti imenikauka," akasema. "Lakini ameniuliza neno moja likanifunga mdomo. Zungumza naye wewe, Shemeji."

Nikamwita kijana. Alisimama ameinamisha kichwa, na neno lenyewe akalirudia mbele yangu: "Anko, mimi sikumwibia mtu. Niliiamini timu, kama Baba anavyoiamini."

Msomaji, ungekuwa wewe ungemjibu nini? Mimi nilinyamaza kwa kitambo. Ni kweli kwamba baba yake hupoteza nauli, kiingilio na Jumapili nzima kwa ajili ya timu isiyomlipa kitu. Tena ni kweli kwamba sisi watu wazima hatuna usafi mkubwa wa kumhubiria mtoto. Jezi hizi hizi tunazozibusu zimepata kubeba jina la kampuni ya kubashiri kifuani, na kampuni iliyokuwa ikividhamini vilabu vyetu vyote viwili ilipojiondoa mwaka 2019, wachezaji walilia njaa. Kijana amekua akiona mpira na dau vikitembea pamoja kama pacha.

Kisha nikamwuliza: "Yule mshambuliaji aliyekosa bao siku ile, unamwonaje sasa?"

Akajibu bila kufikiri: "Siwezi hata kumtazama, Anko. Ndiye aliyenila."

"Na baba yako anamwonaje?"

Akafikiri kidogo. "Baba anasema ni mtoto, atakomaa."

Hapo ndipo tofauti ilipo, nami nilimwambia. Baba yako akiiamini timu, huipa. Wewe uliiamini ili ikupe. Timu ikitoka sare, baba huhuzunika, akalala, na juma lijalo akarudi. Wewe timu ikitoka sare unapata adui. Shilingi 18,000 ni hasara, lakini hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba umeuza mapenzi uliyorithi kwa baba yako bila hata kupewa stakabadhi.

Huenda nawe, mzazi, unaye kijana kama huyu. Usingoje karo ipotee ndipo umwulize. Sheria humkataza aliye chini ya miaka 18 kubashiri, lakini aliyepita umri huo hana mlinzi ila malezi yake. Mwulize mapema, tena kwa upole, kwa maana kijana aliyepoteza pesa huona haya, na haya humrudisha kwenye simu kwenda kuzitafuta.

Na wewe shabiki unayesema mwaka huu wenu, nakuomba uyapime matumaini yako kabla hujayatangaza. Mimi niliyekaa jangwani miaka 18 nimejifunza kutazama mambo matatu, na bao la Jumapili iliyopita halimo.

Kwanza, je, wachezaji wanalipwa? Vilabu vyetu vyote viwili vimewahi kuzuiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa ajili ya madeni. Timu isiyolipa haijengi. Leo itashinda, na kesho mfungaji wake atakuwa amehamia kwingine. Pili, je, kocha anapewa muda? Mkulima hafukui mbegu kila asubuhi kutazama kama imeota. Tatu, je, wanachama wanajua fedha zao zinavyotumika, au hukumbukwa wakati wa uchaguzi tu? Ukiona majibu ya maswali haya yanaanza kuwa mema, basi tumaini, hata kama timu ni ya tano. Ukiona ni mabaya, ogopa, hata kama inaongoza.

Halafu jiulize nawe umetoa nini. Wapo mashabiki waliojaa matumaini ambao hawajapata kujiandikisha uanachama, huruka ukuta kukwepa kiingilio, kisha huwa wa kwanza kudai kocha afukuzwe. Matumaini nayo hulipiwa. Yalipie mlangoni kwa tiketi, klabuni kwa ada, na uwanjani kwa kuketi kwa adabu ili jirani yako aweze kuja na binti yake wa miaka minane bila hofu.

Tulikubaliana hivi. Shemeji ana kibanda cha vipuri vya magari, na kijana atafanya kazi humo kila Jumamosi mpaka deni liishe. Mimi na mama watoto tutaongezea kidogo ili asifungiwe mtihani, lakini ni mkopo, si zawadi, na umeandikwa kwenye daftari. Simu yake ameondoa ile programu ya kubashiri mbele yetu. Sitakwambia kwamba amepona, tutaona. Tena kuna sharti moja ambalo baba mtu mwenyewe aliliweka: siku Ingwe wanapocheza, watakwenda pamoja, na kijana atajilipia kiingilio kutokana na jasho la kibandani.

"Atazame mpira bila dau," shemeji akasema, "ajue kama bado anaupenda."

Jua lilikuwa limekwisha kuinama walipoaga. Nikawasindikiza hadi kituo cha matatu, kijana akitembea mbele, sisi wazee nyuma. Gari lilipofika, shemeji alikanyaga ngazi, akageuka, akanishika mkono.

"Lakini Shemeji," akaninong'oneza ili mwanawe asisikie, "mwaka huu wetu."

Safari hii sikucheka. Nilimwambia, "Haya, tutaonana uwanjani. Na kiingilio changu nitakilipa mwenyewe."

Tukijaliwa, msomaji, tuonane Jumapili ijayo.