PINDO LA MFARISHI NI KAZI, NA KAZI ILIPWE



Katika kikundi cha ushonaji limezuka shauri kwamba kuanzia sasa mapindo ya mifarishi yetu yote yamalizwe kwa cherehani, ati kwa sababu sindano ya mkono inachelewesha kazi. Shauri hilo litaletwa mbele ya mkutano mkuu. Kabla hatujanyoosha mikono naomba tusikilizane, maana naona tunataka kufunga bandeji mguu usiouma.

Kwanza tuelewane pindo ni kitu gani. Mfarishi una tabaka tatu: juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa cha mgongo. Tabaka hizo zikishashonwa pamoja, kingo zinabaki wazi pande zote nne. Pindo ndilo linalofunga mlango. Mtu akiuvuta usiku, anashika ukingo. Akiukamua baada ya kuufua, anashika ukingo. Mtoto akiutafuna, anatafuna ukingo huo huo. Basi hapo ndipo panapochakaa mwanzo. Likifumuka, pamba inatoka nje, na viraka vyote tulivyounga kwa siku nyingi vinakuwa kazi bure. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Tunakata utepe wa kitambaa wenye upana wa sentimita 6 hivi, tunaukunja katikati kwa urefu ili ukingo upate kitambaa cha mara mbili. Ukingo ulio wima hauna taabu, lakini wa mviringo lazima utepe ukatwe mshazari, kwa sababu mshazari unanyumbuka na kufuata kona. Utepe unashonwa upande wa mbele kwa cherehani, kiasi cha milimita 6 kutoka ukingoni. Mpaka hapo hakuna ugomvi: cherehani imefanya kazi yake vizuri.

Ugomvi uko kwenye kuugeuza utepe nyuma na kuumaliza. Mwenye cherehani anatazama upande mmoja tu, wa pili uko chini hauonekani. Akienda mbio, sindano inakosa pindo hapa na pale, na yeye hana habari mpaka kazi imeshakwisha. Anayeshona kwa mkono anaona kila anapochoma. Anachota nyuzi chache tu za kitambaa cha mgongo bila kutokea mbele, anaingia ndani ya mkunjo wa pindo, anatembea humo kama milimita 3, anatoka, anachota tena. Mshono unajificha kabisa. Pembeni anakunja upande mmoja kwanza, kisha wa pili juu yake, na anaifunga ile kona kwa sindano kadhaa isije ikafunua mdomo.

Akina mama wetu wanazo na siri zao ndogo. Uzi usizidi sentimita 45 hivi, maana ukiwa mrefu unachakaa na kujifunga mafundo. Upitishwe kwenye nta ya nyuki ili uteleze. Rangi yake ifuate pindo, siyo mgongo. Fundo lifichwe chini ya pindo. Na kila baada ya mwendo mfupi wanarudia sindano mahali pale pale, ili uzi ukikatika sehemu moja usifumuke wote. Hayo siyo mapambo, jamani. Ndiyo maisha ya mfarishi.

Na kuna watu wanaoupa ukingo heshima kuliko sisi. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wako Wasidi, ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi kutoka pwani hii ya Mashariki, wengine wakiwa watumwa, wengine mabaharia na askari. Akina mama wa Kisidi hushona kwa mkono mifarishi ya nguo kuukuu, wanayoiita kawandi. Wao huanza pembeni: wanakunja ukingo, wanaushona, halafu wanazunguka na viraka kuelekea ndani mpaka wafike kati. Kwenye pembe nne hutia vitambaa vilivyokunjwa, viitwavyo phula, maana yake maua. Bila hayo, kwao mfarishi haujakamilika. Wenzetu wanaanza na ukingo. Sisi tunaufanya kiporo.

Sikatai kwamba cherehani ina nguvu. Mifarishi ya watoto wachanga, inayofuliwa kila mara, imalizwe kwa cherehani na mtu makini, itadumu. Lakini ile mikubwa, ambayo mnunuzi huifunua na kutazama nyuma kabla ya kutoa pesa, tusiiguse.

Tena tuseme ukweli: chanzo cha haya yote siyo kuchelewa, ni malipo. Tunamlipa aliyeunga viraka, tunamlipa mwenye cherehani, halafu bibi aliyemaliza pindo anapewa kilichobaki. Hebu tupige hesabu. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 una ukingo wa mita 7. Kwa nafasi ya milimita 3, sindano itachota zaidi ya mara 2,300. Nani kati yetu atachoma sindano mara 2,300 kwa shukrani? Ndiyo sababu vijana hawataki kujifunza, na wazee wanafanya polepole. Halafu tunasema mkono ndio unaochelewesha!

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, pindo la mkono lilipwe kwa mita, bei ijulikane na iandikwe kwenye daftari kama kazi nyingine. Pili, kila mfarishi ukaguliwe ukingo wote, mbele na nyuma, kabla haujaingia stoo. Tatu, siku moja kwa wiki vijana wawili wawili wakae na mama mmoja wajifunze kumaliza pindo, na saa hizo zihesabiwe kazini.

Asiyekubaliana nami aje mkutanoni na mifarishi miwili, mmoja wa mkono na mmoja wa cherehani, tuivute mbele ya watu. Ushirika ni kusemezana. Lakini tusimnyime mtu haki yake, kisha tukaitupia lawama sindano yake.

Mwanachama, Kikundi cha Ushonaji