Picha ya Marehemu Isihame

Majuzi nilikesha na jirani yangu tukiandaa ratiba ya mazishi ya babake. Picha ya mzee tuliiweka chini ya wasifu wake, ikaenea vyema. Punde si punde shangazi yake akapiga simu: tumewasahau wajukuu wawili! Tulipoongeza majina yao, picha ikarukia ukurasa wa pili, juu ya orodha ya nyimbo. Jirani nusura alie.

Kompyuta haikukosea. Katika Microsoft Word, kwa kawaida picha inapoingizwa huhesabiwa kama herufi moja kubwa ndani ya mstari. Maneno yakisukumwa, nayo husukumwa.

Ibonyeze picha. Kando yake patatokea kitufe kidogo. Humo chagua "Square", na maneno yataizunguka. "Behind Text" iepuke kabisa, la sivyo maneno yatapita juu ya uso wa marehemu! Kisha chagua "Fix position on page".

Hapo ndipo wengi huteleza, nami nimo. Picha ingali imefungwa kwa aya moja, ambayo pembeni mwake utaona alama ya nanga. Aya ikihamia ukurasa mwingine, picha huifuata. Ukiifuta aya yote, picha nayo hupotea. Nanga yetu tuliiburuta hadi aya ya kwanza, panapoelezwa kuzaliwa kwa mzee, kwani hiyo haina pa kwenda.

Saa tisa usiku shangazi akapiga tena. Kumbe kuna kitukuu! Tukaliandika jina lake. Picha ikatulia tuli.