Nairobi kwenda na kurudi: siku moja yamtosha nani?

Kila zinapokaribia likizo za Juni na Desemba, huku kwetu upande wa Arusha huanza habari za safari ya Nairobi. Jumuiya fulani imekodi basi, kwaya fulani imechangishana, akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wameamua kujipongeza. Wanataka kuona Makumbusho ya Taifa, Hifadhi ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1946 ambamo simba huonekana na maghorofa ya jiji yakiwa nyuma yake, na Basilika ya Familia Takatifu. Ni matembezi mazuri, wala sitaki kumzuia mtu. Lakini karibu kila tangazo lina maneno haya: tunakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hapo ndipo mimi muuguzi ninapopata mashaka.

Tupige hesabu pamoja. Arusha hadi Namanga ni kilometa kama 110, na kutoka Namanga hadi Nairobi ni 160 hivi. Basi likiondoka saa 10 alfajiri, litafika mpakani saa 12 asubuhi. Tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Namanga kimepunguza usumbufu, maana maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Hata hivyo watu 30 hawagongewi mihuri kwa dakika 10. Yupo ambaye pasi yake imekwisha muda, yupo aliyesahau kwamba mtoto naye anahitaji hati yake. Mkitoka hapo saa 1 na nusu mmebahatika. Kisha Kajiado, Isinya, na kuanzia Kitengela foleni ya magari inawangoja. Nairobi mtaingia kama saa 4 na nusu. Mkitaka kulala nyumbani hamna budi kuondoka saa 10 jioni. Basi jiji mmelipata kwa saa 5 na nusu, pamoja na kula na kutafuta vyoo.

Sasa mfikirieni dereva. Aliamka saa 9 usiku. Wataalamu wamepima na kuona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huitikia mambo polepole kama mtu aliyekunywa pombe. Kwa dereva wetu saa hizo 17 zinatimia saa 2 usiku, yaani pale pale Namanga, kabla hajaianza barabara ya Longido yenye giza, punda na ng'ombe wa wafugaji. Dereva aliyekunywa pombe tungemteremsha mara moja. Huyu aliyechoka tunampa soda na kumwimbia nyimbo asisinzie! Kwa maoni yangu, kamati isiyo na fedha za kulipa dereva wa pili haina fedha za safari ya siku moja. Nimekaa chumba cha majeruhi miaka mingi, na mengi niliyopokea humo yalitokea saa hizo za kurudi nyumbani.

Lakini kilichonisukuma kuandika ni jambo dogo kuliko hilo. Katika safari moja niliyoalikwa kama muuguzi wa msafara, alikuwamo bibi mmoja mwenye shinikizo la damu. Asubuhi alikuwa mchangamfu kuliko wote. Jioni tulipofika Isinya nikamwona amekaa kimya, ameshika kichwa. Nilimpima nikakuta 190 juu ya 110, na miguu imevimba hata viatu vimekataa. Nikamwuliza kama alimeza dawa.

"Mwanangu, sikumeza. Kile kidonge kinanipeleka chooni kila mara. Nitawasimamishia watu basi mara ngapi?"

"Na maji, mama, umekunywa?"

"Tangu jana jioni sijanywa."

Nilisikia aibu, maana aliyepanga saa za kusimama alisimama mara mbili tu, na mimi sikumwambia neno. Tulimpa dawa yake, tukamlaza kwenye kiti cha nyuma, tukakesha naye hospitalini. Alipona. Tangu siku ile, kila msafara nauliza swali hili kwa siri, na kila mara napata wazee wawili watatu walioacha dawa makusudi kwa sababu ya choo. Wengine ni wenye kisukari, ambao wanapokunywa maji kidogo na kula kwa kuchelewa hujiingiza katika hatari mbili kwa pamoja. Anayedunga insulini asipopata chakula kwa wakati sukari yake yaweza kushuka hata akazimia, na jirani zake wakadhani amelala. Huyo awe na glukosi au pipi mfukoni, na anayeketi kando yake ajue. Insulini yenyewe isiwekwe kwenye buti wala juu ya injini. Ifungwe katika kitambaa na kukaa kwenye mkoba wa mkononi, penye kivuli.

Wapo pia wanaotumia dawa za kufubaza virusi au za kifua kikuu. Hawa huziacha nyumbani wakiogopa kwamba mizigo itapekuliwa mpakani mbele ya majirani. Nawasihi msiziache. Chukueni dawa za siku tatu hata kama safari ni ya siku moja, zikiwa katika chombo chake chenye maandishi ya hospitali. Basi likiharibika Kajiado, nani atawapelekea?

Jambo la kadi ya chanjo ya homa ya manjano nalo linaharibiwa na haraka. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na mwaka 2022 ulizuka katika kaunti ya Isiolo. Kwa hiyo anayetoka huko aweza kudaiwa kadi. Chanjo ni sindano moja tu, na tangu mwaka 2016 kadi yake hutambuliwa kwa maisha yote. Lakini inaanza kuhesabiwa baada ya siku 10. Anayekuja kliniki Ijumaa ili asafiri Jumamosi amechelewa, na ndiye huyo anayeshawishika kununua kadi bila sindano. Huo ni udanganyifu, na anayedanganywa zaidi ni mwili wake mwenyewe. Wajawazito, waliofikisha miaka 60, wenye upungufu wa kinga na wenye watoto wachanga wasichanjwe kabla ya kuzungumza na daktari, kwa kuwa kwao chanjo hii yaweza kuwa na madhara. Ndiyo maana nasema safari ya siku moja huanza kupangwa wiki tatu kabla.

Juu ya watoto sina maneno mengi. Wengi hutapika kwenye kona, na ile mifuko ya rambo tuliyoizoea imepigwa marufuku, Kenya tangu 2017 na kwetu tangu 2019. Chukueni kopo lenye mfuniko, vitambaa, na pakiti za chumvichumvi za kuchanganya katika lita moja ya maji safi. Chakula kiwe kikavu: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, ndizi. Wali wa nazi uliopikwa usiku wa jana na kufungiwa ndani ya ndoo mpaka saa 8 mchana umekwisha kunipa wagonjwa wa kuhara tisa kwa mpigo.

Mtaniambia: Nesi, kulala kuna gharama. Ni kweli, na najua shilingi zinavyopatikana. Lakini si lazima mlale katika hoteli za Nairobi. Kuondoka Ijumaa mchana na kulala nyumba za wageni za Namanga kunawawezesha kupita mpakani mapema, mkiwa mmelala usingizi, na kurudi kabla giza halijawa zito. Kama hata hilo halipo, basi punguzeni wasafiri: vijana waende siku moja na madereva wawili, wazee wasubiri safari ya siku mbili. Kumwambia mzee asubiri ni vigumu, lakini asiambiwe na muuguzi peke yake. Mwenyekiti wa kamati naye aseme. Na kila baada ya saa mbili basi lisimame penye choo, awe ameomba mtu au hajaomba.

Kikundi chetu kinakwenda tena Agosti, kwa siku mbili. Yule bibi amejiandikisha wa kwanza. Ameomba kiti kilicho karibu na mlango, na kamati imemwandikia namba 3.