Ngoma Si ya Wageni Tu

Liko jambo lililonikaa moyoni tangu muhula uliopita.

Siku ile wageni walipokuja, tulichaguliwa wanafunzi kumi na wawili tucheze sindimba. Tulifunzwa kwa siku mbili, tukafungwa vitambaa viunoni, tukacheza dakika tano, wageni wakapiga makofi. Mjomba wangu, ambaye aliletwa kutoka kijijini kupiga ngoma, aliniambia njiani, "Mpwa wangu, mlicheza kama watu waliokanyaga siafu." Nilicheka, lakini nilitahayari. Alikuwa ameanzisha wimbo mara tatu, wala hapana hata mmoja wetu aliyejua kuuitikia.

Halmashauri zetu zina Maafisa Utamaduni, na sina nia ya kusema kwamba hawafanyi kazi. Vikundi vya ngoma huitwa katika mbio za Mwenge na sherehe nyingine, na hayo ni mema. Lakini ngoma ya kupokelea wageni ni kama mkeka wa sebuleni: hutandikwa mgeni ajapo, kisha hukunjwa. Lau Halmashauri ingetenga fedha kidogo kuwalipa wazee waje kutufunza sisi, jioni moja kila juma, mwaka mzima, ingekuwa imefanya jambo kubwa kuliko sherehe kumi.

Wenzangu wengine husema huu ni ukabila. Sikubali. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na katika miaka iliyofuata sindimba yetu ilichukuliwa na kikundi cha ngoma cha taifa, ikafunzwa katika shule na vyuo vilivyo mbali sana na Newala. Nchi haikugawanyika kwa sababu hiyo. Ila kilichosafiri kilikuwa kiuno na mdundo. Maneno ya nyimbo, na sababu ya kuimbwa kwake, vilibaki kwa wazee, na wazee wanakwisha. Hapa Mtwara lilianzishwa tamasha la MaKuYa mwaka 2008, kwa juhudi za shirika la ADEA, na jina lake limewaunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mimi ningewaongeza Wamaraba wa Msimbati na mlango wa Ruvuma, ambao husahauliwa kwa kuwa ni wachache, na ndugu zetu waliovuka mto kutoka Msumbiji na vinyago vyao vya mapiko.

Wamakonde wa Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, iliwabidi mwaka 2016 waanze safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi ili wakubaliwe kuwa raia. Mwaka 2017 walipewa vitambulisho. Sisi wa huku tuna bahati, hatukuambiwa kwamba si raia. Upungufu wetu ni wa namna nyingine: mali ni yetu, lakini hatuifikii.

Tazameni habari ya kinyago kimoja. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde, cha kuvaa kichwani, kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1985 kilinunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, ambayo hayakujua kuwa ni cha wizi. Kilitambuliwa mwaka 1990, kikarudishwa nchini mwaka 2010. Nilipomsimulia mjomba habari hii aliuliza swali moja tu: "Basi huku kwetu kitaletwa lini?" Sikuwa na jibu. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na katika darasa letu sijamwona aliyekwisha kuingia Makumbusho ya Taifa. Sioni kwa nini Halmashauri isiombe kinyago hicho, au vingine, viletwe hapa japo kwa mwezi mmoja, chini ya ulinzi, tuvione pamoja na wazee wanaojua vilichongwa kwa nini.

Juu ya jando na unyago nitasema kwa uangalifu. Viongozi wa mikoa ya Kusini wamepata kukataza mambo haya yasifanywe wakati wa masomo, nami nawaunga mkono, maana nimeona mtoto akirudi darasani baada ya majuma mengi, hajui wenzake wamefika wapi. Na yaishe likizo inapokwisha. Tena yako mambo ya humo ambayo mzee hawezi kuyasema mbele ya ubao, wala sisi tusimlazimishe. Lakini kupiga ngoma si siri. Kuchonga si siri. Nyimbo za kulima na hadithi za jioni si siri. Hayo yatutosha kwa miaka mingi.

Najua Halmashauri itasema fedha hazitoshi. Basi ianze na shule moja. Jengo jipya halihitajiki. Mkorosho ulio nyuma ya bweni una kivuli cha kuwatosha watu arobaini. Mjomba nimekwisha kumwuliza. Ameniambia Ijumaa itamfaa, baada ya swala, ila anataka alipiwe nauli, na kwamba tuje wenye kutaka kujifunza tu, si wa kuhesabiwa.