Hofu Ndiyo Inayofunga Ulimi

Wako walimu wa lugha wanaoamini kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza, huyu wa macho, yule wa masikio, mwingine wa mikono, na kwamba kila mmoja akifundishwa kwa mtindo wake atazungumza bila taabu. Nia ni njema, lakini ushahidi haupo. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu wa Marekani walizichambua tafiti za jambo hili wasipate uthibitisho wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi namna hiyo. Mtu anaweza kupenda njia fulani, ila kuipenda hakumaanishi kwamba ndiyo itakayomfaa zaidi.

Kinachomnyamazisha mwanafunzi ni kingine, nacho kimejulikana zamani. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake huko Texas walitunga dodoso la kauli 33 la kupima wasiwasi katika darasa la lugha ya kigeni, wakauhusisha na woga wa kuzungumza, woga wa mtihani na woga wa kuhukumiwa na wengine. Sasa tumtazame mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote zimegeuka Kiingereza. Aliyekuwa hodari wa kujieleza anasimama, anakosea kitenzi kimoja, darasa linaangua kicheko, na mwalimu naye anatabasamu. Siku ya pili hanyoshi mkono, naye anahesabiwa kuwa mzito. Ziko hata shule zinazomvisha kibao shingoni mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili, adhabu ambayo sijui imemfundisha nani sentensi moja ya Kiingereza.

Watasema wengine kwamba kosa lisiposahihishwa huota mizizi. Ni kweli, lakini kusahihisha si kuaibisha. Mwalimu anaweza kuirudia sentensi kwa usahihi mazungumzo yakiendelea, kisha mwisho wa kipindi akayaandika makosa ubaoni bila kumtaja mtu. Wengine watadai kuwa woga kidogo humchochea mtu asome. Huenda ukamkesheza na daftari usiku wa mtihani. Mazungumzo hayangoji, na akili inayosikilizia kicheko haina nafasi ya kutafuta neno. Mapendeleo nayo yasidharauliwe: anayependa kuandika apewe dakika mbili aandike kabla ya kusema, na anayeogopa kusimama mbele ya wote aanze kwa kuzungumza na mwenzake wa dawati moja. Lakini lazima aseme. Ubaya wa kumwita mtoto “wa macho” ni kwamba jina hilo humpa ruhusa ya kukaa kimya hadi kidato cha nne.

Basi, walimu wa kidato cha kwanza, muhula ukifunguliwa kipigeni marufuku kicheko kabla ya kukipiga marufuku Kiswahili.