TREKTA KUUKUU SI MKOMBOZI



Mwezi uliopita nilikuwa katika mkutano wa wakulima wa mpunga, bondeni kule Mto Ruvuma unakokaribia bahari. Shauri lilikuwa moja: fedha za korosho zichangwe, linunuliwe trekta kuukuu ambalo mfanyabiashara mmoja amelileta na kulipaka rangi mpya. Watu walishangilia. Mimi nilisimama nikaomba tungoje, na baadhi ya wazee walinikasirikia. Sababu zangu nazitoa hapa mbele ya wote.

Sisi wa Kusini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta fundisho. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikikusudia kulima mamilioni ya eka. Vita ilikuwa imekwisha karibuni na matrekta mapya yalikuwa adimu, basi wakubwa wale wakanunua mitambo iliyobaki vitani, mingine kutoka Ufilipino. Hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Haukupita muda, mitambo mingi ikalala porini kwa ubovu, bila vipuri wala mafundi wa kutosha. Januari 1951 mpango ulivunjwa, na hasara ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi. Bandari yetu ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ipo. Reli ya Nachingwea iling'olewa. Ukame, ardhi ngumu na kiburi cha kutowasikiliza wenyeji vilikuwa na sehemu yao, lakini mitambo chakavu ilikuwa ufa wa mapema. Ikiwa dola yenye hazina ilishindwa kuilisha mitambo mikuukuu, je, kikundi cha watu thelathini kitailisha kwa fedha gani?

Trekta la zamani likiharibika, haliharibiki kiangazi limepumzika. Huharibika mvua zikinyesha, siku zile zile chache za kulima. Kipuri cha aina isiyotengenezwa tena hutafutwa Dar es Salaam, na kikipatikana majani yamekwisha kujaa shambani. Tena hewa yetu ya chumvi hula bati na nyaya upesi.

Baya zaidi ni roho za watu. Matrekta mengi ya zamani hayana fremu ya kumkinga dereva. Likipinduka kando ya mtaro, humlalia. Shafti ya nyuma isiyo na kifuniko hukamata nguo na kumvuta mtu. Breki zikilegea mteremkoni, hakuna wa kulizuia.

Sisemi trekta ni adui. Jembe la mkono limewavunja migongo mama zetu, na tusiridhike nalo. Nasema tununue kwa akili. Aletwe fundi wetu, si wa muuzaji. Injini iwashwe ikiwa baridi, maana ikishapata moto huficha maradhi yake. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani, tuondoke. Trekta livute plau shambani kwa saa nzima, lisizungushwe barabarani tu. Namba za injini na chasisi zilinganishwe na kadi, tusije tukanunua mali ya wizi. Na fedha za vipuri ziwekwe kando kabla ya kutoa senti ya kwanza. Kama hazitoshi, ni afadhali kukodi trekta zima kwa eka, au vikundi kadhaa viungane kununua lililo bora.

Fedha hizo za korosho ndizo karo za watoto na dawa za wagonjwa. Zikiishia kwenye chuma kilicholala chini ya mwembe, hakuna atakayeturudishia. Wazee walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkutano ujao tusipige kura kabla fundi hajasema neno lake.