Daftari la Wiki: Admin na Admin Wake

Jirani zangu wa ghorofa ya juu wameupa mtandao wao wa waifai jina la "Nunua Bando Lako". Nimewapenda ghafla.

*

Jumanne fundi wa intaneti alikuja kwa dada mmoja hapa mtaani. Akatoboa ukuta, akavuta waya, akaitundika ruta juu ya kabati la vyombo, akakipiga picha kibandiko cha chini yake. "Mama, password ndiyo hii," akapanda bodaboda, huyo. Picha anayo kwenye simu, pamoja na za nyumba nyingine alizopita. Hakuna aliyeuliza kitu.

Wanaonifuata wananijua kwa wimbo huu, wavumilie: ruta ina nywila mbili. Ya kwanza ndiyo mnayowagawia wageni. Ya pili ni ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, na hiyo ndiyo watu hawaigusi. Fungua kivinjari ukiwa nyumbani, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (anwani yako imo kwenye kibandiko), kisha jaribu "admin" na "admin". Ikikufungulia, itamfungulia pia kijana uliyempa waifai aangalie mpira. Akitaka, atabadilisha nywila zote mbili, ufungiwe nje ya mtandao unaoulipia mwenyewe.

Na afadhali kijana wa mpira, sura yake unaijua. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikibisha hodi kwenye kamera na ruta za watu, ikijaribu majina na nywila za kiwandani, orodha isiyofika hata mia. Uchawi wote ulikuwa huo. Oktoba mwaka huo vifaa vilivyonaswa vikaielemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiwaelekeza watu kwenye tovuti, na Marekani watu wakakosa Twitter na Netflix. Aprili 2024 Uingereza ilianza kutumia sheria inayokataza kuuza vifaa vya namna hii vikiwa na nywila moja ya wote. Huku kwetu mlinzi wa geti anamwandikisha kila mgeni daftarini, na ruta ndani inaitikia "admin".

Basi, badilisha nywila: anza na ile ya pili, halafu ya kwanza. Kwenye usalama chagua WPA2 au WPA3. WEP iache, udhaifu wake ulianikwa tangu 2001. Zima WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha vifaa: namba yake ina tarakimu nane, lakini mwaka 2011 ilibainika kwamba majaribio kama 11,000 yanatosha kuipata, kazi ndogo kwa kompyuta. Sasisha programu ya ruta. Wageni wafungulie mtandao wao. Hata ukiwa umebandika wali, hautaungua.

*

Nywila ya nyumba moja ninayoijua ni namba ya simu ya baba mwenye nyumba. Namba hiyohiyo imepakwa rangi ukutani nje: "Vyumba vinapangishwa, piga."

*

Umeme umekatika. Kwa sasa ruta yangu haiingiliki.

*

Shemeji anayeuliza kama kulificha jina la mtandao kunasaidia: hapana. Kuna programu za bure zinazoliona vilevile. Tena simu yako ikishazoea mtandao uliofichwa, huwa inazunguka ikiuita kwa jina, kuanzia stendi mpaka msibani.